Vishimo Ambavyo Sindano Haikuvitoboa

Mimi ni fundi cherehani hapa Njombe mjini, na kwa muda mrefu niliamini kwamba vile vishimo vidogo kwenye ncha za vidole vyangu ni kazi ya sindano. Nani asingeamini? Fundi akionyesha kidole kilichotoboka anapewa pole, mazungumzo yanaendelea. Mwanzoni vilikuwa vitatu: viwili kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kimoja kwenye kidole cha kati cha kushoto. Vilikuwa vikavu, vimezungukwa na ngozi ngumu, kama alama ya ncha ya kalamu juu ya kipande cha sabuni. Havikuwahi kutoa damu. Hilo lingepaswa kunishtua, maana sindano ya cherehani ikikuingia, damu unaiona kabla hata hujasikia uchungu.

Ilinichukua miaka mitatu, na fedha ambazo sikuwa nazo, kufika kwenye jina la ugonjwa wangu: skleroderma, unaokaza ngozi na kuharibu mishipa midogo ya damu. Sehemu kubwa ya njia hiyo niliipotea kwa miguu yangu mwenyewe, na ndiyo nataka kuisimulia.

Ilianza Juni 2019. Anayeijua Njombe ya kipupwe hahitaji kuelezwa. Ukungu unashuka hadi barabarani, maji ya ndoo yanauma meno, na mkasi uliolala kwenye fremu usiku kucha ukiushika asubuhi unahisi umeshika barafu. Siku hiyo nilikuwa nakata sare za shule, nikaona kidole cha pete kimekufa. Sina neno jingine. Kuanzia ncha hadi kifundo cha katikati kilikuwa na rangi ya majivu, na mpaka wake ulikuwa umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Binti niliyekuwa namfundisha kazi akaniambia, "Dada, umeshika chaki." Nikakifuta kwenye gauni. Hakikufutika. Baada ya kama robo saa rangi ikageuka zambarau chini ya kucha, kisha damu ikarudi kwa kishindo, kidole kikadunda na kuwaka moto hadi nikakaa chini.

Hali hiyo inaitwa Raynaud, kwa jina la daktari Mfaransa, Maurice Raynaud, aliyeieleza mwaka 1862. Watu wengi wanayo maisha yao yote na haiwaletei zaidi ya kero. Kwa wengine huwa ni mlango wa ugonjwa mkubwa zaidi, hasa inapoanza ukubwani kama ilivyonianza mimi nikiwa na miaka 38. Picha unazoziona kwenye simu ni za vidole vya Wazungu, vyeupe pe. Kwa ngozi nyeusi geuza kiganja juu, tazama upande wa ndani wa kidole na chini ya kucha. Hapo ndipo rangi husema kweli.

Sikulijua jina hilo hadi 2022. Mwaka huo wa kwanza nilikwenda duka la dawa. Kijana wa dukani alisikiliza kidogo, akasema, "Mama, hiyo baridi yabisi," akanipa diklofenaki. Nikaimeza, nikaongeza, nikarudia. Wakati huo huo nilikuwa na kiungulia kinachonipandia hadi kooni nikilala. Nikapimwa, nikaambiwa vidonda vya tumbo, nikamaliza dozi, kikatulia wiki mbili na kurudi. Katikati hapo nilitibiwa taifodi mara mbili, maana kwetu uchovu usio na jina huitwa taifodi. Hakuna aliyeviunganisha vidole na kiungulia, na wa kwanza kutoviunganisha nilikuwa mimi. Nikienda kwa ajili ya tumbo, nilisema tumbo. Nikienda kwa ajili ya vidole, nilisema vidole. Mwili wangu nilikuwa naukata vipande kama kitambaa, kila daktari nampelekea kipande chake, halafu nashangaa kwa nini hakuna anayeona gauni.

Kosa hilo lilinigharimu vibaya mwaka 2020. Moyo ulikuwa ukienda mbio na kichwa kuniuma upande mmoja, nikaandikiwa propranolol. Ni dawa inayosaidia wengi. Ila dawa za kundi lake hubana mishipa midogo ya vidole, na mwenye Raynaud huzidiwa. Daktari aliyeniandikia hakujua nina tatizo la vidole kwa sababu sikumwambia, niliona halimhusu. Kipupwe kile vilikufa vidole vinane, si kimoja. Usiku nililala mikono ikiwa kwapani.

Halafu ikaja pasi. Mafundi wengi hapa bado tuna pasi ya mkaa, umeme ukikatika kazi isilale. Nikagundua kwamba nikiweka viganja karibu na pasi, vidole vinafufuka haraka. Ikawa ndiyo tiba yangu. Asubuhi moja ya Agosti nilisikia harufu kama ya ngozi ya kuku inayobabuliwa, nikatazama huku na huku kutafuta kitambaa kilichoungua. Kilikuwa kidole changu cha shahada, kimegusa chuma, na kwa ganzi sikuhisi kitu. Kidonda hicho kilichukua miezi minne kupona. Damu ilikuwa haifiki vizuri kwenye ncha, na pasipofika damu hapaponi. Nikawakosa wateja wa Desemba na wa Januari, msimu wa sare, ambao ndio unaonilipia pango la mwaka mzima.

Wifi yangu alishatoa hukumu yake: nimeshonewa. Alimaanisha uchawi, na hakuona kichekesho katika neno lenyewe. Nilikwenda kwa mtaalamu mmoja mara mbili, sitaficha. Alinichanja kwenye viwiko, akachukua elfu 70.

Kosa ninaloona aibu zaidi ni la vidonge. Jirani mwenye pumu alinipa prednisolone zake zilizobaki, vidonge vya steroidi. Siku tatu tu nikajisikia kijana: maungo mepesi, hamu ya kula, usingizi. Nikaanza kuzinunua mwenyewe, tano kila asubuhi za miligramu 5, karibu miezi miwili. Baadaye daktari bingwa aliposikia hivyo aliweka kalamu chini. Akaniambia kwamba kwa mwenye ugonjwa kama wangu, steroidi za dozi kubwa zinaweza kuamsha shambulio la ghafla la figo na presha kupanda kwa siku chache. Na kuziacha kwa mkupuo baada ya kuzitumia muda mrefu ni hatari nyingine, maana mwili umeshasahau kutengeneza za kwake. Zinapunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo. Mimi niliziacha ghafla fedha zilipoisha, nikaanguka sokoni nikidhani ni njaa.

Mwaka 2021 daktari mmoja kijana kwenye hospitali ya mkoa jirani alinisikiliza mwanzo hadi mwisho, akasema tufanye kipimo cha damu kinachoitwa ANA. Nililipa elfu 45. Karatasi ilirudi na neno moja tu kwamba ipo, bila kiwango, bila kueleza chochote. Aliyenisomea majibu hakuwa yule kijana, alishahamishwa. Huyu alisema, "Una lupasi," ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, akaniandikia hydroxychloroquine. Nikatoka nje, nikakaa kwenye kibaraza karibu na wanaouza ndizi, nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi. Niliwahi kumzika jirani aliyekufa kwa lupasi ya figo.

Nilimeza dawa hiyo miezi minane, karibu elfu 60 kila mwezi. Sikuwa na lupasi.

Nililokuja kulielewa baadaye, na ambalo ningependa liandikwe kwenye mlango wa kila maabara, ni kwamba ANA ni jina la kundi zima. Ni kingamwili, yaani protini za kinga, ambazo badala ya kupigana na vijidudu zinageukia vitu vilivyomo ndani ya kiini cha seli za mwili wenyewe. Kusema "ANA ipo" ni kama kusema kuna mtu amegonga mlango. Hujui ni nani, wala anataka nini. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti wa maabara 15 za nchi mbalimbali uliopima watu wazima wenye afya njema. Damu ikizimuliwa mara 40, karibu theluthi moja walionekana nayo. Ikizimuliwa mara 80, asilimia 13. Mara 160, asilimia 5. Watu wazima wazima, hawaumwi! Kwa hiyo ukipewa karatasi ya ANA iulize mambo mawili kabla hujalia kwenye kibaraza: kiwango ni kipi, na mchoro wake, yaani seli zinavyong'aa chini ya darubini, ukoje. Kama havimo, kipimo hicho hakijaisha.

Februari 2022 nilipanda basi kwenda Dar es Salaam, kilomita kama 700, kumwona bingwa. Nauli ya kwenda na kurudi ilikula elfu 80, nikafikia kwa dada. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa joto. Dar ya Februari! Jasho linatiririka mgongoni, na vidole vyangu, kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi, vina rangi ya vidole. Daktari alivishika, akavigeuza, akaniambia haoni tatizo kubwa, nipunguze mawazo. Nilijaribu kueleza. Lakini ukiwa umekaa mbele ya mtu na mikono yako inakusaliti, maneno hayatoshi. Nikarudi Njombe, na pale Makambako gari liliposimama saa tisa usiku, nikateremka kununua chai na vidole vyote kumi vikafa mkononi mwangu kwa foleni moja, kama vinanicheka.

Siku hiyo ndiyo nilianza kupiga picha. Kila vilipobadilika nilimpa binti simu apige: nje, ndani, kucha, na kitu kingine pembeni kwa kulinganisha rangi. Naliona hili ndilo jambo la maana kuliko yote niliyoyafanya kwa akili yangu mwenyewe. Ukiishi Njombe, Makete, Lushoto au Limuru na daktari yuko kwenye joto, baridi yako huwezi kuifunga kwenye mfuko. Picha unaweza.

Julai nilionana na daktari wa ngozi, mama mmoja aliyesomea Moshi. Hakuanza na karatasi. Alianza na mikono. "Mama, pete unaivua?" Nikamwambia nilishaikata kwa fundi redio mwaka uliopita, vidole vilivimba kama soseji. Akanishika ngozi ya juu ya kidole, akajaribu kuifinya ifanye mkunjo, haikukunjika. Akaniambia nifungue kinywa kwa kadiri ninavyoweza. Akatazama midomo na viganja kutafuta vidoti vyekundu vya mishipa, ambavyo kwa ngozi yetu vinajificha. Kisha akaviona vile vishimo.

"Hivi vimetokana na nini?"

"Sindano, Daktari."

"Sindano inaingia na kutoka," akasema. "Hapa nyama imekufa kwa kukosa damu, ikanywea."

Akadondosha tone la mafuta kwenye mzizi wa kucha yangu, pale ngozi inapokutana na kucha, akainama na kifaa chake chenye taa. Alikaa hapo muda. Mishipa midogo inayopaswa kupangana kama meno ya kitana ilikuwa imepanuka mingine, na mahali pengine haipo kabisa. Mafuta yale yalikuwa ya kawaida ya kupaka, ya dukani. Katika vipimo vyote nilivyolipia, hicho hakikunigharimu hata senti.

Alinieleza kwamba wataalamu wa Marekani na Ulaya walikubaliana mwaka 2013 juu ya hesabu ya alama kwa ugonjwa anaoushuku, skleroderma. Ukifika 9 unahesabiwa unao. Raynaud 3. Vishimo vya ncha za vidole 3. Mishipa ya kucha 2. Kwa hayo matatu peke yake nilikuwa na 8 kabla ya kutolewa damu. Hesabu hiyo, akasema, ilitengenezwa zaidi kwa ajili ya tafiti, kwa hiyo nisiifanye mtihani wa darasa la saba. Lakini kingamwili inayohusika ingeongeza 3. Akaandika upya: ANA kwa njia ya darubini, kiwango na mchoro vitajwe, pamoja na kipimo cha kingamwili mojamoja. Elfu 270 kwa pamoja, damu ikasafirishwa Dar. Niliuza cherehani ya pili, ile ya ovaloki. Bima yangu ilikataa kipimo hicho, na rufaa niliyoandika haijajibiwa hadi leo.

Majibu: ANA 1:1280, yaani damu ilizimuliwa mara 1280 na bado ikaonekana. Mchoro: sentromea.

Mtoto wa dada yangu alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya maabara, na kwa bahati alikuwa kwenye mafunzo ya vitendo mahali penye darubini ya namna hiyo. Nilipokwenda Dar tena aliniombea kwa msimamizi wake nitazame sampuli yangu. Nimeona mambo mengi mazuri maishani, na lile limo. Giza totoro, na ndani ya giza seli zimetawanyika, kila moja imejaa vidoti vya kijani vinavyong'aa, vimeachana vizuri, havigusani.

"Mama mdogo," akaniambia, "hesabu doti za seli moja."

Niliishia hamsini na kitu, macho yakachoka. Akasema ndivyo ilivyo, kati ya 40 na 80, kwa sababu kila kromosomu ina doti yake. Halafu akasogeza kioo hadi kwenye seli moja iliyokuwa ikijigawa. Hapo vidoti vyote vilikuwa vimejipanga katikati kwenye mstari mmoja, kama vifungo vya shati. Mtaalamu akiona mstari ule hana shaka tena.

Nikamwambia anieleze kwa lugha ya cherehani. Alikuna kichwa, lakini alijitahidi. Kromosomu kabla ya kugawanyika ni vipande viwili vinavyofanana, kama mbele na nyuma ya gauni vilivyokatwa kwa patani moja. Sentromea ni pale vilipobanwa pamoja, na ndipo nyuzi za seli hushikia ili zivute kila kipande upande wake. Pakilegea pale, mgawanyo unakwenda mrama. Pamejengwa kwa protini zake maalum, na damu yangu imetengeneza kingamwili zinazozishika protini hizo. Waliochunguza doti hizi kwa mara ya kwanza kwa wagonjwa wa skleroderma walichapisha kazi yao mwaka 1980, kundi la Moroi na Tan huko Marekani. Mwaka 1985 William Earnshaw na Naomi Rothfield wakatumia damu ya wagonjwa hao hao kuzikamata protini zenyewe, zikapewa majina CENP-A, CENP-B na CENP-C. Nililirudia hilo mara mbili ili nihakikishe nimelisikia. Kabla ya hapo sayansi haikuzijua protini hizo. Damu ya watu wenye vidole kama vyangu ndiyo iliyowaonyesha wanasayansi.

Na zile seli za kwenye kioo, ambazo maabara za dunia nzima huzitumia kwa ANA, huitwa HEp-2. Zilidhaniwa zimetoka kwenye saratani ya koo, baadaye ikabainika asili yake ni seli za Henrietta Lacks, mama mweusi wa Marekani aliyefariki Baltimore mwaka 1951. Kijana alisema hivyo kwa kupita tu. Mimi nilibaki nalo basi zima la kurudi.

Kijana huyo huyo alinionya nisijisomee ovyo, na nilijisomea ovyo. Usiku mmoja nilisoma habari za skleroderma hadi alfajiri, nikaamka nimeshagawa vitu vyangu kichwani, cherehani kwa binti, vitenge kwa dada. Nilichokuwa nikisoma kilihusu kingamwili nyingine, Scl-70, inayolenga kimeng'enya cha kulegeza DNA iliyojisokota. Hiyo mara nyingi huenda na ugonjwa unaosambaa ngozi nyingi na kuweka makovu kwenye mapafu. Ya sentromea kwa kawaida huenda na aina yenye mipaka: mikono, uso, umio, mwendo wa polepole wa miaka. Daktari aliniambia kwamba kwa sisi Waafrika hii ya kwangu haionekani sana, wengi hukutwa na hizo nyingine, ndiyo maana alitaka uhakika wa njia mbili kabla ya kunitamkia.

Kwenye benchi la kliniki nilikaa mara kadhaa na mama mmoja wa Iringa. Yeye alikuwa na kingamwili dhidi ya histoni. Hizo ni protini ambazo DNA hujizungushia, kama uzi kwenye bobini. Maungo yalimvimba na homa haikumwacha, naye alikuwa ameambiwa lupasi. Kumbe alikuwa na mwaka na nusu anatumia hydralazine ya presha. Daktari alimbadilishia, na baada ya miezi michache alikuwa anatembea kunizidi. Dawa ya kifua kikuu, isoniazid, nayo huweza kufanya hivyo kwa baadhi ya watu. Hapo ndipo nilipoanza kubeba maboksi ya dawa zote ninazotumia kila ninapokwenda hospitali, hata ya kikohozi. Usiache dawa yako kwa kusoma habari hii, hasa ya TB. Ipeleke ionekane.

Kuna mambo kingamwili hii haifanyi, na kutoyajua kulinilia fedha. Kiwango chake hakipimi ukali wa ugonjwa. Mwaka 2023 nilikwenda kurudia ANA kwa hiari yangu, nikitaka kuona imeshuka. Ilikuwa palepale, na daktari aliponiona na karatasi alisikitika. Ikishapatikana kwa uhakika, haina haja ya kurudiwa. Wala haijathibitika kwamba yenyewe ndiyo inayoharibu vidole. Ni alama tu. Kazi yake ni kukuambia uangalie wapi, na mimi iliniambia: angalia mishipa ya mapafu. Wenye kingamwili ya sentromea wana hatari ya presha kupanda kwenye mishipa hiyo baada ya miaka, kimyakimya, na dalili ya kwanza ni pumzi kukatika mlimani. Njombe ni milima mitupu. Kila mtu huhema akipanda, kwa hiyo ni rahisi kujidanganya. Sasa nina kipimo changu: kutoka stendi hadi kwenye fremu nasimama mara ngapi. Na kila mwaka, mwezi wa tatu, nafanya eko, yaani ultrasound ya moyo, elfu 80, na kupuliza kile kipimo cha mapafu. Elfu 80 hizo naziweka kando tangu Oktoba, kwenye kopo la vifungo. Daktari alinipima na ini, maana kingamwili hii huonekana pia kwa wenye ugonjwa fulani wa mirija ya nyongo, na akaniuliza kama macho na kinywa hukauka. Ini ni salama. Kinywa kinakauka kidogo.

Dawa zangu ni chache kuliko nilivyotarajia. Propranolol iliondolewa. Nipo na nifedipine ya kupanua mishipa, ile inayoachia dawa taratibu mwilini, ambayo hunivimbisha miguu jioni lakini imenirudishia vidole. Omeprazole ya kiungulia, na matofali mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, yaliyosaidia karibu sawa na kidonge. Hakuna dawa ya kuufuta ugonjwa wenyewe, na daktari wangu alilisema hilo wazi siku ya kwanza. Nilimchukia wiki nzima.

Mengine ni ya kujifunza mwilini. Vidole havipati joto kwa glavu peke yake: kifua na tumbo vikipoa, mwili huinyang'anya mikono damu. Kwa hiyo sweta kwanza, kofia, soksi mbili, glavu mwisho, na vyote kabla ya kutoka nje, maana kidole kikishakufa, glavu inahifadhi ubaridi. Maji ya uvuguvugu napima kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto. Pasi nimeipa binti. Mkasi nimeuzungushia vipande vya kitenge kwenye vishikio, na jioni nalala nao ndani badala ya kuuacha kwenye fremu. Mume wangu alikuwa akivuta sigara ndani, sasa anavutia nje na ananung'unika. Kidonda chochote cha ncha ya kidole, hata kidogo kama punje ya mtama, kinaonwa na nesi wiki hiyo hiyo.

Wateja ilibidi niwaambie. Nilikuwa nikiwapima kiuno wanaruka kwa mikono ya baridi, wengine wakaanza kunong'ona. Sasa nasema kabla ya kugusa: mikono yangu ni baridi, ni ugonjwa, hauambukizi. Wawili walihama. Wengine wakaniletea glavu.

Ile picha ya darubini kijana alinipigia kwa simu, nimeifanya ya mbele ya skrini. Wiki iliyopita mama mmoja kutoka kata ya Ramadhani, hapa hapa mjini, aliingia kuchukua gauni lake. "Kamwene, fundi." "Kamwene, mama." Simu ikawaka mezani, akainama kuitazama, doti za kijani kwenye weusi.

"Hiki kitenge ni kipya? Unauzaje doti?"

Nikamwambia hakiuzwi, kimeshonwa kimoja tu. Akasema basi nikipata kinachofanana nimwekee doti moja, ana harusi Desemba.